Kitako cha kuzunguka: usiuze kitu ambacho hujakikalia mwenyewe

Leo naongea na mnaouza samani mtandaoni, hasa vile viti vya kujilaza vya nje, vya mbao au vya bomba, ambavyo wazee wetu waliviita viti vya uvivu. Nataka nitoe maoni yangu kuhusu kitu kimoja kidogo kinachokwenda navyo: kitako cha kuzunguka. Kile unachokiweka chini ya kiti, mtu akawa anajigeuza taratibu akiwa amejilaza, bila kunyanyuka.

Nayaweka maoni yangu hapa juu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo. Moja, uza kitako peke yake, usimlazimishe mteja anunue kiti kizima. Mbili, kitengeneze na fundi wa mtaani kwako, hakina kifaa cha kuagiza nje. Tatu, usiposti picha yake mpaka umekikalia, ukakipandishia mifuko ya saruji, na ukajua kinabeba kilo ngapi. Hilo la tatu najua litawaudhi wengine, ila ndilo lililonifanya niandike.

KWANINI KINAUZIKA

Mwangalie mtu mwenye kiti cha kujilaza uani. Saa tatu asubuhi jua liko mashariki, kakipa kiti mgongo, yuko raha mustarehe. Saa kumi jioni jua lile lile liko magharibi, linampiga usoni. Huku kwetu karibu na Ikweta jua linapanda upande mmoja, linapita karibu na utosi, linashukia upande wa pili. Mwezi wa sita linaegemea kidogo kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini. Maana yake kiti kilichokaa vizuri asubuhi, jioni kinatakiwa kigeuzwe karibu kinyume kabisa.

Sasa mtu anafanyaje? Anakiburuta. Kuburuta kunakwangua vigae, kunalegeza maungio ya miguu, na kama kiti ni cha mninga au mtiki, kunamaliza mgongo wa mzee wa watu. Kwa hiyo ukitaka kujua wateja wako ni akina nani, tafuta watu waliochoka kuburuta. Mzee aliyestaafu. Mama anayenyonyesha. Mgonjwa anayepona nyumbani. Mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo, Kigamboni au Paje, ambaye kila wiki anapaka rangi sakafu iliyochubuliwa na miguu ya viti.

Hawa wote kiti tayari wanacho. Ndiyo maana nasema uza kitako peke yake. Ukiuza kiti kizima cha kuzunguka unashindana na kila mtu mwenye kontena, na mtaji wako mdogo umelala kwenye kiti kimoja mwezi mzima. Kitako ni maduara mawili ya mbao. Kinafunguliwa kwa nati moja, kinalala bapa, kinaingia kwenye kirikuu, na kinaweza kupanda basi kwenda Dodoma au Mwanza. Tena mteja akipata shida, gurudumu moja likichakaa, unampa lingine. Cha kontena kikiharibika, kipuri chake unakitafuta wapi?

NAMNA TATU ZINAZOSHINDANA MTAANI

Ukimwambia fundi nataka kitako cha kuzunguka, atakupa moja kati ya hizi.

Ya kwanza ni ile beringi bapa ya meza za chakula, zile za kuzungusha mboga katikati ya meza. Ni nzuri, inazunguka laini sana, inapendeza kwenye video. Ila iliundwa kubeba mabakuli yaliyotulia katikati. Binadamu hakai katikati. Anakalia pembeni kwanza, anajivuta, anajilaza, anajigeuza upande. Beringi ya upana wa sentimita 30 chini ya kiti chenye urefu wa mita moja na zaidi inavutwa upande mmoja na kusukumwa upande mwingine, inaanza kucheza, baadaye inaachana. Mimi siiuzi kwa kiti cha kujilaza.

Ya pili ni habu ya gurudumu la gari chakavu, pamoja na beringi zake. Hii ina nguvu, hilo halina ubishi, maana ilikuwa inabeba gari. Tatizo lake linabaki kwenye mikono ya mchomeleaji. Uzito wote unapita kwenye kishina kimoja katikati, kwa hiyo chuma cha juu na cha chini lazima kiwe kinene na weldi iwe ya uhakika. Kinakuwa kizito, kinapata kutu, na gharama ya usafiri inakula faida. Kwa hoteli inayotaka kitu cha kukaa sehemu moja miaka na miaka, sawa. Kwa muuzaji wa mtandaoni, hapana.

Ya tatu ndiyo ninayoisimamia: bolti moja nene katikati, na magurudumu manane madogo yamepangwa duara. Bolti inashika, magurudumu yanabeba. Kila kitu kinapatikana duka la vifaa vya ujenzi, na fundi seremala yeyote mwenye msumeno na drili anaweza.

Kuna na wale wanaofunga magurudumu manne chini ya miguu ya kiti wakasema tayari. Kile kinatembea. Mtu anataka kugeuka, kiti kinaondoka naye, na kwenye vigae vyenye mteremko kidogo kinaweza kumfikisha kwenye ngazi.

JINSI YA KUKITENGENEZA

Chukua plaiwudi ya kuzuia maji, ile watu wanaita marini bodi, unene wa milimita 18. Shiti moja ni futi 4 kwa 8, yaani kama sentimita 122 kwa 244. Inakutolea duara la chini la upana wa sentimita 100, duara la juu la sentimita 90, na mabaki ya kutengenezea vipande vingine. Usikubali MDF wala chipubodi hata fundi akusifie vipi. Zile zikinywa maji zinavimba na skrubu zinatoka zenyewe.

Kuchora duara: piga msumari katikati, funga kamba isiyonyumbulika, pima sentimita 50 kwa duara la chini na 45 kwa la juu, zungusha penseli. Kama fundi hana msumeno wa kukata kona, mwambie akate pembe nane. Hata hivyo inafanya kazi, na wengine wanaipenda zaidi kwa macho. Ila hapo mpigie mstari wa sentimita 50 mpaka katikati ya kila upande wa duara la chini, usipimie kwenye ncha, usije ukapunguza upana bila kujua.

Miguu: chini ya duara la chini weka vipande vinane vya plaiwudi iliyobaki, vifike ukingoni kabisa, kila kimoja ukigongee kipande cha raba ya tairi kuukuu. Jumla inakuwa kama sentimita 3. Raba inazuia kuteleza, na ule uwazi chini unapitisha hewa mbao zikauke.

Magurudumu: nunua yale yasiyogeuka, yanayokwenda mbele na nyuma tu, ya inchi 2, ya nailoni ngumu. Yafunge juu ya duara la chini yakiangalia juu, kwenye mstari wa sentimita 40 kutoka katikati, kila moja likae usawa na mguu wake wa chini. Hapo uzito unashuka moja kwa moja kutoka gurudumu kwenda mguuni kwenda sakafuni, na ubao haupindi. Ekseli ya kila gurudumu ielekee kwenye bolti ya katikati, kama stiki za baiskeli zinavyoelekea kwenye habu. Gurudumu moja likikaa upande upande, kitako kitazunguka kwa kukwama na kupiga kelele.

Kuhusu nguvu za magurudumu, sikiliza vizuri. Sakafu za kwetu hazijanyooka, kwa hiyo usigawanye uzito kwa nane. Hesabu kana kwamba matatu tu ndiyo yanabeba. Mtu wa kilo 100, kiti cha kilo 20 na duara la juu kama kilo 7 ni kilo 127. Gawa kwa tatu, ni kilo 42 na ushee kila moja. Tafuta magurudumu yanayobeba kilo 60 au zaidi kila moja, ubaki na nafasi.

Bolti: milimita 16, iliyopakwa zinki au ya chuma kisichoshika kutu. Ipitishe kutoka chini ya duara la chini, weka bapa la chuma la sentimita 10 kwa 10 chini na juu ya ubao, kaza nati. Sasa bolti imesimama kama nguzo. Vika kipande cha bomba chenye kimo pungufu kidogo ya magurudumu, kisiuinue ubao wa juu. Laza duara la juu, weka bapa lingine, washa mbili zenye grisi katikati yake, halafu nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea yenyewe. Kaza mpaka mchezo uishe, lakini duara lizunguke kwa mkono mmoja.

Miguu ya kiti: usiiache inakaa tu juu ya ubao. Ya mbao ifunge kwa vyuma vya pembe, ya bomba ifunge kwa klipu za bomba, na bolti zipite ubao mzima. Kabla ya yote mwambie mteja apime kwa mshazari, kutoka mguu wa mbele kulia mpaka wa nyuma kushoto. Ikizidi sentimita 85, duara la juu la 90 halimtoshi. Mtengenezee makubwa, la chini likae limezidi la juu kwa sentimita 10.

Mwambie na hili: kitako kitapandisha kiti chake kama sentimita 14. Kiti kilichokuwa na kimo cha sentimita 30 kinakuwa 44, mzee anashukuru, anainuka bila kusaidiwa. Kiti kilichokuwa 45 kinakuwa 59, miguu inaning'inia. Huyo wa pili akate miguu ya kiti au asinunue. Kumwambia mteja asinunue kunauma, ila kurudishiwa mzigo kunauma zaidi.

HESABU AMBAYO WENGI HAWAIFANYI

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kitako kinaweza kuwa imara, mbao nzuri, bolti nene, na bado kikamwangusha mtu. Sababu ni idadi ya miguu.

Chukua duara la sentimita 100 lenye miguu minne ukingoni. Kwa macho unaona limeegemea sentimita 50 kutoka katikati. Sio kweli. Kati ya mguu na mguu, mstari unaolishika uko sentimita 35 tu kutoka katikati. Weka miguu minane kwenye duara lile lile, mstari unasogea mpaka sentimita 46. Sasa kaa na kalamu.

Mtu wa kilo 80 amekuja amekalia ncha ya kiti upande wa miguu, sentimita 60 kutoka katikati. Watu hufanya hivyo kila siku, ndivyo mtu anavyokaa avue viatu. Kiti na kitako pamoja ni kilo 40, na uzito huo uko katikati.

Kwa miguu minne: mtu amezidi mstari kwa sentimita 25. Kilo 80 mara 25 ni 2,000 za kuangusha. Kilo 40 mara 35 ni 1,400 za kushika. Kinapinduka.

Kwa miguu minane: mtu amezidi kwa sentimita 14. Kilo 80 mara 14 ni 1,120 za kuangusha. Kilo 40 mara 46 ni 1,840 za kushika. Kinasimama.

Ubao ule ule, magurudumu yale yale, bei karibu ile ile. Tofauti ni vipande vinne vya mbao zilizobaki na raba ya tairi bovu. Ndiyo maana nikiona mtu anauza kitako chenye msalaba wa mbao mbili chini, eti kimepungua bei, natikisa kichwa. Msalaba ni miguu minne. Hesabu yake umeshaiona.

Na ile bolti ya katikati kazi yake ni kubwa kuliko kuelekeza mzunguko. Mtu akikaa kwenye ncha, duara la juu linataka kunyanyuka upande wa pili, na bolti ndiyo inalishikilia. Anayeweka nondo iliyochongwa tu, bila nati juu, ameuza mtego.

KOMEO, VIDOLE NA KUTU

Kitako lazima kifungike. Mtu anapokaa na anapoinuka, kisizunguke. Nunua komeo la mlango lenye ulimi mrefu, lifunge kwenye kigogo ukingoni mwa duara la juu, toboa mashimo manane kwenye ile sehemu ya duara la chini inayojitokeza, katikati ya mguu na mguu ili usitoboe mguu wenyewe. Mteja anainua ulimi, anageuka, anaushusha. Mkao nane unatosha kabisa kwa jua letu.

Watoto: kati ya duara na duara kuna uwazi kama sentimita 7, na ndani kuna magurudumu. Kidole cha mtoto kinaingia. Kata mpira wa ndani wa tairi upana kama sentimita 7, ugongee kuzunguka ukingo wa duara la juu uning'inie kama sketi, usiguse chini. Ni dakika 20 za kazi. Usiuze bila hiyo.

Kutu na maji: Tanga, Dar, Zanzibar, Mtwara, hewa ina chumvi, na chuma cha kawaida hakichukui muda. Paka praima na rangi ya mafuta pande zote, kwa mkazo kwenye kingo na ndani ya mashimo, maana plaiwudi inanywea maji pembeni na si usoni. Toboa vishimo vichache kwenye duara la chini maji yatoke. Mwambie mteja apake grisi kwenye bolti na ekseli kabla ya masika na kabla ya vuli. Bara hakuna chumvi, ila mvua ipo pale pale.

MAJARIBIO KABLA YA POSTI

Saruji yetu mfuko ni kilo 50, kwa hiyo mizani unayo mtaani. Mifuko mitatu ni kilo 150. Funga mifuko kwenye nailoni, ilaze juu ya kiti kilichofungwa kwenye kitako, iache usiku kucha. Asubuhi zungusha. Kikizunguka bila kukwama na ubao haujapinda, umefaulu la kwanza.

La pili, kiti kikiwa kimelazwa kabisa, weka mfuko mmoja kwenye ncha ya miguu. Kikitulia, kaa wewe mwenyewe kwenye ncha, watu wawili wameshika upande wa pili. Waambie waachie taratibu. Kisha rudia upande wa kichwa.

La tatu, mwagia ndoo ya maji, kiache juani siku mbili, angalia kingo na sikiliza magurudumu.

Kikifaulu yote na ulikibebesha kilo 150, andika kwenye posti kwamba ni cha mtu mpaka kilo 100. Ile tofauti ni ya yule anayejitupa kwenye kiti badala ya kukaa, na sote tunamjua.

Video yako iwe hiyo. Mifuko mitatu ya saruji, mkono mmoja unazungusha. Hakuna picha ya mtandaoni itakayoishinda, kwa sababu mwenye picha ya kuokota hawezi kuifanya.

POSTI YENYEWE

Acheni "bei inboksi". Mfano wa posti ninayoamini:

"Kitako cha kuzunguka kwa kiti chako cha nje. Upana sm 100, kinapandisha kiti sm 14. Kimejaribiwa kwa kilo 150, ni cha mtu mpaka kilo 100. Kina komeo, kina kinga ya vidole. Pima miguu ya kiti chako kwa mshazari, isizidi sm 85. Sakafu iwe ngumu na tambarare, sio mchanga wala nyasi laini. Magurudumu ya akiba yapo. Bei hii hapa. Nusu unatanguliza, siku unazosubiri ni hizi."

Kuhusu bei, huu ni mfano wa hesabu tu, wewe weka namba za sokoni kwako. Tuseme vifaa vyote vimekutoka 140,000. Fundi 40,000. Kirikuu 10,000. Hapo 190,000. Wengi wanaishia hapo, wanauza 200,000 wanasema wamepata kumi. Weka na 15,000 ya bando na magurudumu mawili ya akiba utakayompa mteja baadaye. Gharama halisi ni 205,000. Ongeza robo yake, kama 51,000. Bei yako ni 255,000 au 260,000. Nusu anayotanguliza mteja, kama 130,000, inakaribia kukununulia vifaa, kwa hiyo mtaji wako haulali.

WANAYOSEMA WANAOPINGA

Wa kwanza anasema: wateja hawataki hadithi za miguu minane, wanataka bei ndogo. Namjibu hivi. Mteja hajui maswali ya kuuliza, na hilo linakupa nafasi. Mwonyeshe mfuko wa saruji kwenye ncha ya kiti, hahitaji hesabu. Ameshaona mwenyewe.

Wa pili anasema: jirani anauza nusu ya bei yangu. Sawa. Muulize hadharani, kwa heshima, chake kinabeba kilo ngapi. Akijibu, mmeshindana kwa haki na mteja amefaidika. Akikaa kimya, mteja ameona ukimya.

Wa tatu ndiye ananipa shida kweli, kwa sababu ana hoja. Anasema: mimi nina mtaji wa kitako kimoja tu, nikianza kukitesa na saruji kikivunjika nimefilisika. Naelewa. Wengi wetu tumeanzia hapo. Mi nilimaliza kidato cha nne nikaingia mtaani, sijasomea ufundi wala biashara, najua shilingi ya mwisho inavyoshikwa. Lakini fikiri. Kikivunjikia kwako umepoteza plaiwudi. Kikivunjikia kwa mteja kuna binadamu juu yake. Kama huna uwezo wa kupoteza kimoja, subiri oda yenye malipo ya nusu, mwambie mteja utakijaribu kwanza, na siku mbili hizo aziweke kwenye kusubiri. Sijaona mteja wa kitu cha kumlaza mama yake akikataa kisijaribiwe.

KINACHONISUMBUA

Mtu aliyekaa kwenye kigoda akiyumba anaweka mguu chini. Mtu aliyejilaza hana mguu chini. Kichwa kiko nyuma, miguu iko juu, macho amefumba. Kiti kikienda, anaenda nacho, na anatangulia kisogo. Na wanaonunua kiti cha kujilaza mara nyingi ni wazee wetu, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga kifuani. Hawa ndio wanaanguka vibaya kuliko wote.

Sisi wauzaji wa mtandaoni tumezoea kusema "mimi nauza tu, fundi ndiye ametengeneza." Mteja fundi hamjui. Pesa alikutumia wewe, jina aliloliona ni la ukurasa wako, na aliamini picha uliyoiweka wewe. Bidhaa nyingine ikiharibika unarudisha pesa, mnaachana salama. Nyonga ya mzee ikivunjika hakuna pesa ya kurudisha.

Kwa hiyo msimamo wangu haubadiliki. Hiki kitako ni biashara nzuri: mtaji unavumilika, fundi yupo mtaani, wateja wapo na jua halitaacha kuhama. Kitengeneze, weka miguu minane, kaza nati, funga komeo. Kisha panda juu yake, jilaze, mwambie fundi akuzungushe. Ukijisikia kushika mikono ya kiti kwa nguvu, bado hakijafika sokoni.